Pua Kwanza, Toti Baadaye

Watu wanaovuka kutoka Dar es Salaam kuja Unguja kwa semina, fungate au mapumziko ya siku mbili tatu wana swali lao wakishatua mabegi katika hoteli za Mtoni: wapi mtu anaweza kukaa kwa utulivu, akala steki ya maana na kuonja wiski ya Kimarekani, ile burboni inayosifiwa? Mimi huwajibu kwamba kwanza wapande gari waende Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Hunitazama kama vile sikulisikia swali.

Nimelisikia. Burboni ni ghali visiwani, maana kila chupa imesafiri mbali na kulipiwa ushuru njiani. Mtu akiinywa bila kujua anatafuta nini, ataambulia moto wa kooni tu. Hapo amelipa pesa ya wiski akapata kazi ya gongo. Kinachoitofautisha glasi ile na vileo vingine vikali ni harufu, na harufu zenyewe zinaota shambani, mwendo mfupi kutoka Mtoni ukiipa bahari kisogo. Mzungu wa London husoma kitabuni kwamba ndani ya glasi yake kuna karafuu. Mtoto wa Unguja ameanika karafuu kwenye jamvi kabla hajajua kusoma. Ni hasara kubwa kuwa na pua kama hiyo halafu ukaingia baa ukaagiza kwa kufuata umbo la chupa.

Tuanze na kilichomo. Sheria ya Marekani inataka nafaka za burboni ziwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi. Zinazobaki huwa ni rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano, au ngano yenyewe, pamoja na kimea cha shayiri. Ikikenekwa, kilevi kisizidi asilimia 80. Ikitiwa kwenye pipa kisizidi asilimia 62.5, na chupani kisiwe chini ya asilimia 40. Pipa liwe jipya, la mbao ya mwaloni, na liwe limeunguzwa ndani mpaka kuta zake zimekuwa mkaa. Kutia rangi au ladha ya pembeni ni marufuku. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilitangaza kwamba burboni ni kinywaji cha nchi hiyo pekee. Si lazima itoke Kentucky, ingawa nyingi hutoka huko.

Kwa hiyo rangi yote ya burboni, na sehemu kubwa ya harufu yake, hutoka kwenye ile mbao iliyoungua. Moto ukiupiga mwaloni hutoa vanilini, kemikali ile ile inayoifanya vanila inukie. Ndani ya mwaloni kuna eujenoli pia, na eujenoli ndiyo roho ya mafuta ya karafuu. Kuna laktoni zinazonukia nazi. Sukari iliyojificha ndani ya mbao nayo huungua ikatoa harufu ya sukari guru inayochemka. Vanila, karafuu, nazi, sukari guru: ni kama kikapu cha mama anayetoka sokoni Darajani.

Wala kukeneka si jambo geni kwetu. Marashi ya mawaridi tunayonyunyiza harusini yamekenekwa, na Pemba kuna kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kinachokeneka makonyo ya karafuu kupata mafuta. Mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka. Tofauti iko katika kinachotiwa chunguni na kinachofanywa baadaye.

Basi asubuhi nenda shambani, Kizimbani au Kidichi. Ziara za viungo zipo nyingi na waongozaji wake ni hodari wa maneno. Tatizo ni kwamba wamezoea kumwendesha mgeni mbio, nusa hiki, onja kile, vaa kofia ya makuti, piga picha. Mwambie mwongozaji wako mapema kwamba umekuja kunusa na huna haraka. Ukimkuta mzee wa shamba, shikamoo yako itakufungulia zaidi ya bahashishi. Mwombe akupe karafuu kavu ya msimu huu, kisha ibonyeze kichwani kwa ukucha. Ikiwa njema, mafuta yatachomoza na kuacha alama kwenye ukucha. Nusa ukucha, si karafuu. Harufu hiyo ina ukali unaokaribia wa dawa ya meno, na chini yake kuna utamu. Ule utamu wa chini ndio utakaoukuta kwenye glasi jioni.

Vanila inahitaji uangalifu. Maganda mabichi yanayoning'inia mtini hayanukii kitu, na wengi huishia hapo wakidhani wametapeliwa. Omba ganda lililokwisha kuchakatwa, jeusi, laini kama ngozi iliyopakwa mafuta. Kisha nusa mdalasini mara mbili, gome na mzizi, kwa sababu mzizi unanukia kafuri na utakufundisha kwamba mti mmoja unaweza kuwa na harufu mbili zisizofanana kabisa. Malizia na kungumanga iliyokwanguliwa papo hapo. Katikati ya viungo vumbika pua yako kwenye kiwiko chako mwenyewe. Harufu ya ngozi yako ndiyo inayoisafisha pua, na watengenezaji wa manukato nao hufanya hivyo.

Asiye na nafasi ya shamba aende Darajani asubuhi, soko lililojengwa 1904, akanunue vipimo vidogo: karafuu, mdalasini, kipande cha sukari guru. Avifunge kwenye karatasi mbalimbali, abaki navyo mfukoni. Vitamfaa usiku mezani, na kama si hivyo vitamfaa kwenye pilau.

Alasiri pumzika. Kama una nguvu, tembea kwenye magofu ya kasri la Mtoni, kongwe kuliko makasri yote ya Unguja, alilokaa Sultani Sayyid Said. Bibi Salme, binti yake, aliyezaliwa humo 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886 jinsi wakubwa walivyokuwa wakikaa kwenye baraza la mviringo linaloelekea baharini, kahawa ikipitishwa. Nawe kunywa kahawa, ila isiwe chini ya saa mbili kabla ya kuonja, na usiisindikize kwa halwa. Uchungu na utamu mwingi huulaza ulimi.

Sasa mahali penyewe. Zanzibar ni nchi ya Waislamu, na kileo kinauzwa kwa leseni katika hoteli, mikahawa na baa chache. Hilo mgeni wa bara analijua, lakini akishaona watalii wamejaa ufukweni analisahau. Usitembee na chupa wala glasi njiani. Usinywe kwenye daladala, pwani ya watu, wala kwenye baraza ya nyumba ya mtu. Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika kabisa: mikahawa mingi hufungwa mchana, kula hadharani kunaweza kukufikisha kituoni, na hata hoteli zinazouza vileo huviuza kwa staha. Kama safari ni yako kuipanga, kwa shughuli hii chagua mwezi mwingine.

Pia usidhani kila hoteli kubwa ina baa. Nyingine haziuzi kileo kwa uamuzi wa wenyewe, na haki hiyo wanayo. Tembo House pale Shangani imejulikana kwa hilo miaka mingi, jina lake lisikudanganye. Mtoni na pwani ya kuelekea Bububu hali ni hiyo hiyo: hii inauza, ya jirani haiuzi. Piga simu kabla. Uliza maswali matatu tu: mna burboni gani, mnauza kwa toti au kwa chupa, na nyama yenu inatoka wapi. Anayejibu "tuna wiski zote" hana habari na kabati lake. Anayesema "ngoja niangalie", kisha akarudi na majina mawili, huyo mwendee.

Majina mawili yanatosha, na pengine ndiyo utakayopata. Makabati ya visiwani hutegemea waagizaji wachache. Mwanzoni mwa 2024 vibali vya uagizaji vilipobadilishwa mikono, vileo viliadimika na bei zikaruka. Kwa hiyo usije na orodha uliyoiandika nyumbani. Njoo na kanuni ya kuchagua. Tafuta burboni moja ambayo nafaka yake ya pili ni rai, mfano Wild Turkey au Bulleit, na moja ambayo nafaka ya pili ni ngano, mfano Maker's Mark. Ya rai huchoma kiviungoviungo, upande wa mdalasini na pilipili manga. Ya ngano ni mpole, mkate na vanila. Kama ni Jim Beam peke yake, nayo ni burboni halali na ina mengi ya kukufunza. Jack Daniel's utaikuta karibu kila baa, lakini wenyewe wanaiita wiski ya Tennessee, maana kabla ya kuingia pipani huchujwa kwenye mkaa wa mti wa mepo. Iweke ya tatu kwa kulinganisha.

Kwenye chupa soma namba. Wamarekani hutumia neno proof, na namba yake ni maradufu ya asilimia: 80 ni asilimia 40, 100 ni asilimia 50. Konyagi yetu ni asilimia 35, kwa hiyo aliyezoea Konyagi asijipime kwa mazoea hayo. Neno straight maana yake imekaa pipani miaka miwili au zaidi. Maneno bottled in bond yanatokana na sheria ya 1897, na yanakuhakikishia miaka minne na asilimia 50 kamili. Hiyo ndiyo alama ya chupa ninayoiamini kuliko picha za farasi na maneno ya dhahabu.

Nyama iagizwe kabla ya wiski, kwa sababu jiko la steki nzuri halikimbizwi. Menyu zimejaa Kiingereza lakini wapishi wetu wanajua vipande. Ukisoma fillet, hiyo ndiyo sarara: laini, haina mafuta, ladha yake ya kiasi. Nyama ya mbavuni ina mafuta kati na ndiyo ninayoipendelea kwa burboni, kwa sababu mafuta huupoza ukali wa kilevi, na ule ukali nao huyakata mafuta. Muulize mhudumu kama ni ng'ombe wa hapa Tanzania au wa kuagizwa. Zebu wetu mwenye nundu anakula majani na kutembea sana, hivyo nyama yake ina ladha ya nyama kwelikweli lakini haina ile mistari ya mafuta. Akipikwa mpaka akauke, utatafuna mpaka alfajiri. Nyama ya nje ina mafuta zaidi, inastahimili moto, na bei yake utaiona.

Hapa pana ubishi wa kila meza. Watu wa pwani tunataka nyama iive. Mtu akiletewa steki yenye wekundu ndani, anairudisha akisema ina damu. Damu ilishamwagika siku ya kuchinjwa. Yale maji mekundu ni mayoglobini, protini ya msuli wenyewe, na hayana kosa la kidini wala la usafi kwa kipande kizima kilichoungua vizuri nje. Mwambie mpishi iive nje, ndani ibaki rangi ya waridi. Kama moyo unakataa, basi agiza iive kabisa, ila chagua ya mbavuni, usichague sarara, mafuta yataiokoa. Nyama ya kusaga ni habari nyingine, hiyo iive yote.

Uliza pia kama wameipaka papai bichi. Kwenye mishikaki papai ni baraka, linalainisha nyama ngumu kwa muda mfupi. Kwenye steki iliyolala nalo usiku kucha, utakula uji wenye umbo la nyama. Chumvi na pilipili manga zinatosha. Achari ya embe na pilipili mbuzi ziachwe pembeni mpaka umalize kuonja, kwa sababu ulimi uliochomwa na pilipili utaisikia wiski kama pilipili nyingine.

Glasi ikija, iwe ndogo yenye mdomo uliobana kidogo. Kama hawana, omba glasi ya mvinyo. Glasi pana ya soda hupoteza harufu. Omba chupa ionekane na toti ipimwe mbele yako. Hilo ni jambo la kawaida baa yoyote yenye adabu, wala si tusi. Toti moja mnaweza kuigawana wawili, halafu mkaagiza ya pili ya aina nyingine, glasi mbili zikakaa mezani pamoja. Huwezi kuijua burboni ikiwa peke yake. Ukiiweka kando ya mwenzake, hata asiye na uzoefu husema, "Hii ina kitu ile haina," na somo limeanza.

Usichovye pua ndani. Kwa joto la Unguja kilevi hupanda haraka, na kitakupiga kabla harufu nyingine hazijafika. Iweke glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta taratibu. Kinachokuja kwanza kwa kawaida ni utamu wa sukari guru na vanila. Subiri. Toa karafuu yako mfukoni, inuse, kisha urudi kwenye glasi. Hapo ndipo watu hucheka peke yao, maana kitu kilichokuwa kimejificha kimejitokeza chenyewe. Kwenye ya rai fanya hivyo kwa mdalasini. Nazi huja mwishoni, na mara nyingi huipati mpaka glasi imebaki tupu kwa dakika kumi. Inuse wakati huo.

Funda la kwanza ni la kuuamsha mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe ulimini, lipite, kisha toa pumzi kwa pua. Kisha weka matone machache ya maji kutoka chupa iliyofungwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski ikizimuliwa, baadhi ya chembe za harufu hupanda juu ya uso wa kinywaji. Anayekuambia mwanamume hatii maji hajui anachokizungumza. Barafu, kwa hali ya hewa yetu, siikatai, lakini iwe kipande kimoja kikubwa na iwe baada ya kuonja bila barafu, kwa sababu baridi huzifunga harufu. Koka ni ya mwisho, kwa aliyekwisha amua kwamba hakuipenda.

Kati ya glasi moja na nyingine kula kipande cha nyama, kunywa maji. Toti mbili kwa jioni ndizo kiwango ninachokishauri kwa kuonja. Ya tatu pua imechoka, unalipia usichokisikia. Na tusifichane: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo ambacho ni salama kwa afya. Mjamzito, anayetumia dawa za usingizi au metronidazo, na mwenye ini bovu wabaki kwenye nyama na maji ya ukwaju. Chini ya miaka 18 hakuna mjadala.

Kwa ambaye dini yake imemkataza, sina nia ya kumshawishi. Asubuhi ya Kizimbani ni yake yote, na steki ni yake. Akikaa meza moja na rafiki anayeonja, mwenye glasi ndiye wa kujipanga: amuulize mapema kama hatakwazika, akae upande wa pili, na asimnyooshee glasi puani eti "nusa tu". Kama atakwazika, onja siku nyingine. Pia si kila mhudumu anayekuletea glasi ni mnywaji. Wengi wao hawajawahi kuonja wanachokimimina, kwa hiyo usimkejeli kwa kutojua ladha yake. Muulize chupa imefunguliwa lini. Hilo analijua, na lina maana: chupa iliyobaki robo na kukaa wazi miezi imeshapoteza nusu ya mazungumzo yake.

Bili isomwe kabla ya kutoa kadi. Tazama kama toti mlizogawana zimeandikwa mbili au nne, kama malipo ya huduma yamo tayari, na kama bei ya nyama ilikuwa kwa kipande au kwa uzito. Usafiri upangwe kabla ya glasi ya kwanza, bei ikiwa imekubaliwa, na dereva awe mtu unayemrudia au aliyeitwa na hoteli. Barabara ya Bububu ni nyembamba, ina bodaboda zisizo na taa na watu wanaotoka msikitini baada ya Isha. Zamani ilipitiwa na reli iliyojengwa na kampuni ya Arnold Cheney ya New York, ikaanza kazi 1905, na kama ingalikuwepo ningekushauri urudi kwa treni. Haipo, na Vespa ya kukodi uliyoiegesha nje ilale hapo hapo mpaka asubuhi. Mwambie mlinzi, mpe chochote, chukua teksi.